Tuta la Lambo Linapozeeka

Lambo ni tuta la udongo lililokingamishwa kwenye korongo ili maji ya masika yasipite bure. Halina kuta za zege wala mitambo, na mara nyingi halina hata mlinzi. Katika nyanda kavu za Dodoma, Singida na Shinyanga, na ng'ambo ya mpaka huko Kitui na Machakos, matuta ya namna hii ndiyo yanayoamua ng'ombe watanywea wapi mwezi wa Septemba. Mengi yalishindiliwa wakati wa ukoloni au katika miaka ya mwanzo ya uhuru. Waliojenga wametangulia, michoro imepotea au haikuwahi kuchorwa, na wanaoteka maji leo wamezaliwa wakilikuta lambo mahali pake. Hapo huzuka imani yenye madhara makubwa, kwamba tuta lililosimama miaka 60 limekwisha kuonyesha uimara wake. Lililoonyeshwa ni kwamba tuta lilihimili mvua zilizokwisha kunyesha, likiwa na mwili lililokuwa nao wakati huo. Mwili huo hubadilika kila mwaka.

Neno "dogo" nalo lina hila yake. Tume ya Kimataifa ya Mabwawa Makubwa huliita bwawa kubwa lile lenye kimo cha mita 15 au zaidi, au lenye mita 5 hadi 15 likiwa limehifadhi zaidi ya mita za ujazo milioni 3. Yote yaliyo chini ya hapo ni madogo. Kanuni za Kenya za mwaka 2007 ziliyapanga mabwawa katika madaraja ya hatari kwa kutazama kina, ujazo na eneo linalokusanya maji. Kina kisichofika mita 5 na ujazo usiofika mita za ujazo 100,000 vilihesabiwa kuwa hatari ndogo. Vipimo hivyo vinamsaidia mtunza rejista, lakini havisemi ni nani anayelala chini ya tuta. Chukua lambo lenye kimo cha mita 6 na maji mita za ujazo 100,000. Kwa kanuni ya makadirio iliyotolewa na mhandisi David Froehlich mwaka 1995, likivunjika hutoa mkondo unaofikia karibu mita za ujazo 170 kwa sekunde, sawa na maboza 17 ya lita 10,000 kumwagwa kwa pamoja kila sekunde. Mkondo wa kiasi hicho haudumu, lakini dakika chache zinatosha kuikuta familia ikiwa bado kitandani.

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, baada ya wiki kadhaa za mvua kubwa, tuta la bwawa lililojulikana kwa jina la Patel lilikatika huko Solai, kaunti ya Nakuru. Lilikuwa bwawa la udongo la shambani, lililojengwa juu ya mteremko, na chini yake kulikuwa na makazi ya watu. Walikufa watu wasiopungua 47, wengi wao wanawake na watoto. Mamlaka ya maji ilieleza baadaye kwamba bwawa hilo halikuwa na kibali. Msiba huo unaonyesha jambo linalotokea karibu na kila lambo la zamani: tuta linabaki pale pale, ila nyumba zinasogea. Bonde lililokuwa malisho wakati wa ujenzi linapata njia, kisha duka, kisha shule, na hatari inapanda bila mtu kugusa hata koleo moja la udongo.

Kuyaelewa mazingira ya hatari kunaanzia kwenye udongo wenyewe. Tuta jema ni la mfinyanzi wa kiasi, uliomwagwa kwa tabaka nyembamba na kushindiliwa ukiwa na unyevu unaofaa. Mhandisi Ralph Proctor wa California ndiye aliyeonyesha mwaka 1933 kwamba kila udongo una kiwango chake cha unyevu ambapo ushindiliaji huzaa matokeo makubwa kuliko vyote. Ukiwa mkavu zaidi, mabonge hubaki na matundu kati yake, na ukiwa chepechepe, maji hukalia nafasi ya chembe. Malambo mengi ya vijijini yalijengwa kwa udongo uliokuwa karibu, wakati wa kiangazi, kwa sababu ndipo mitambo iliweza kufika. Udongo mkavu ukashindiliwa mkavu. Kasoro hiyo haionekani kwa macho, hukaa ndani ya tuta kwa miaka mingi.

Udongo mweusi wa mbuga una tabia nyingine. Ukilowa huvimba, ukikauka hupasuka nyufa zinazoweza kumeza mkono. Lambo linapokauka Oktoba, mgongo wa tuta hupasuka pamoja na mbuga yenyewe. Mvua ya kwanza kubwa ikilijaza lambo kwa siku moja au mbili, maji huingia kwenye nyufa kabla mfinyanzi haujapata muda wa kuvimba na kuziziba. Ndiyo maana siku za kwanza za kujaa baada ya kiangazi kirefu ni za kuangaliwa kuliko siku nyingine zote, ingawa kijijini huwa ni siku za furaha.

Upo pia mfinyanzi unaotawanyika, wenye chumvi za sodiamu, ambao ukiguswa na maji safi chembe zake huachana zenyewe na kuelea. Kipimo chake cha awali hakihitaji maabara. Donge la udongo lenye ukubwa wa punje ya hindi hutiwa taratibu kwenye glasi ya maji safi yaliyotulia, ya mvua au yaliyotoneshwa, na kuachwa bila kutikiswa. Likibaki donge, au likiporomoka na kulala chini huku maji yakiwa meupe, dalili si mbaya. Ukizuka ukungu kama moshi na kutambaa chini ya glasi, tuta lililojengwa kwa udongo huo linahitaji jicho la mtaalamu, kwa kuwa ufa mwembamba tu unaweza kugeuka tundu ndani ya saa chache. Makorongo yenye kingo zilizochongeka kama mirija, na vishimo vinavyoachwa na mvua juu ya mgongo wa tuta, husema hayo hayo kwa asiye na glasi.

Kila tuta la udongo hupitisha maji. Hili linapaswa kusemwa wazi, kwa sababu wanakijiji wengine huogopa kila unyevu wanaouona upande wa chini, na wengine wameuzoea kiasi cha kutoogopa lolote. Maji hupenya polepole kati ya chembe, kutoka upande wa lambo hadi kwenye kitako cha tuta, na yakitoka yakiwa meupe na kwa kiasi kile kile mwaka hadi mwaka, tuta linafanya kazi yake. Hatari huanza maji yanapoanza kubeba udongo. Chembe ya kwanza hung'oka pale maji yanapotokea, upande wa chini. Nafasi yake huvuta maji zaidi, nayo hung'oa chembe inayofuata, na hivyo tundu huchimbika kinyumenyume, likirudi kuelekea kwenye lambo, huku uso wa tuta ukiwa mzima na nyasi zake. Tundu likifika kwenye maji, muda uliobaki hupimwa kwa saa. Bwawa la Teton, Idaho, Marekani, la udongo na lenye kimo cha mita 93, lilikuwa jipya na linajazwa kwa mara ya kwanza wakati maji ya tope yalipoonekana yakitoka asubuhi ya tarehe 5 Juni 1976. Kabla ya saa sita mchana mgongo wake ulikuwa umekatika. Ikiwa mlima wa namna ile uliondoka ndani ya saa zisizozidi tano, tuta la mita 6 halina sababu ya kudumu zaidi.

Njia inayopendwa na maji kuliko zote ni ile ya kando ya bomba. Malambo mengi yana bomba la chuma linalopita chini ya tuta kupeleka maji kwenye birika la mifugo. Pembeni mwa bomba, hasa chini ya tumbo lake, ushindiliaji huwa mgumu, na shindilio la mkono halifiki vizuri. Kisha chuma huoza. Bomba la miaka 50 lenye matobo hufanya moja kati ya mawili: hunyonya udongo wa tuta kuuingiza ndani yake, au humwaga maji yenye msukumo ndani ya mwili wa tuta. La pili hutokea zaidi pale valvu ilipofungwa upande wa chini, maana bomba zima hukaa limejaa maji yenye kani chini ya tuta. Shimo dogo la mviringo likionekana ghafla juu ya mstari wa bomba, halipaswi kufukiwa na kusahauliwa. Ni mdomo wa pango lililo chini.

Kupima maji yanayopenya ni kazi ya gharama ndogo inayostahili kufanywa katika kila lambo lililo juu ya makazi. Maji ya kitako hukusanywa kwenye mfereji mmoja na kupitishwa juu ya ubao au bati lililokatwa umbo la V lenye pembe mraba. Maji yakiwa sentimita 5 juu ya ncha ya V, yanapita takriban lita 0.8 kwa sekunde. Yakiwa sentimita 10, ni lita 4.4 hivi. Kimo kikiongezeka maradufu, maji huongezeka zaidi ya mara tano, na kwa sababu hiyo badiliko la upana wa kidole halifai kupuuzwa. Kila kipimo huandikwa pamoja na kimo cha maji ya lambo siku hiyo, kwani mvujo huongezeka kwa kawaida lambo linapojaa. Kinachotafutwa ni siku ambayo maji yameongezeka ilhali lambo halijapanda. Chupa nyeupe ya maji hayo, ikiachwa usiku mmoja dirishani, hueleza yaliyobaki: tope likitua chini ya chupa, tuta linaliwa.

Takwimu zilizokusanywa za mabwawa makubwa ya udongo yaliyovunjika duniani hadi mwaka 1986 zinaonyesha kwamba karibu nusu yalivunjwa na mmomonyoko huu wa ndani, na karibu nusu nyingine yalivunjwa na maji yaliyopita juu ya mgongo. Zege likipitiwa na maji juu yake linaweza kustahimili. Udongo hauwezi. Maji yanayomwagika juu ya tuta huchimba uso wa upande wa chini, ngazi kwa ngazi, hadi mgongo unapokatika.

Kinga ya hilo ni utoro wa maji, ule mfereji mpana uliochongwa pembeni mwa tuta ili mafuriko yapite bila kuligusa. Utoro ndio kiungo kinachoharibiwa mno na nia njema. Lambo likiisha maji mapema miaka miwili mfululizo, wanakijiji huweka viroba vya mchanga kwenye mdomo wa utoro ili wapate nusu mita zaidi ya maji. Mwaka wa mvua haba wanafaulu, na viroba vinabaki. Nusu mita hiyo imetolewa kwenye kimo cha akiba kati ya maji na mgongo wa tuta, ambacho kwa lambo dogo huwa ni mita moja tu au kasoro yake. Kwa upande mwingine, mgongo nao unashuka: tuta hudidimia kwa uzito wake, na njia ya ng'ombe au pikipiki inayokatiza katikati huchimba mtaro. Mafuriko hayasomi wastani wa kimo cha tuta, hutafuta sehemu ya chini kuliko zote. Kamba iliyovutwa kutoka ncha moja hadi nyingine, na mpira mwembamba wa plastiki uliojazwa maji kama wanaoutumia mafundi ujenzi, vinatosha kuionyesha sehemu hiyo.

Historia ina mfano mkubwa wa maafa yaliyoandaliwa kwa mabadiliko madogo madogo. Bwawa la South Fork, Pennsylvania, Marekani, la udongo na mawe na lenye kimo cha mita 22, lilikamilika mwaka 1853 kwa ajili ya mfereji wa usafiri, kisha likaachwa. Mmiliki mmoja aling'oa mabomba ya kutolea maji na kuyauza kama chuma chakavu, na tangu hapo hapakuwa tena na njia ya kulipunguza. Klabu ya matajiri iliyolinunua baadaye ilishusha mgongo ili magari ya farasi yapite kwa nafasi, na kuweka wavu kwenye utoro ili samaki wasitoroke. Tarehe 31 Mei 1889 mvua kubwa ilileta matawi na takataka zilizoziba wavu, maji yakapanda juu ya mgongo uliokwisha kushushwa, na mji wa Johnstown ukafunikwa. Walikufa watu 2,209. Kila badiliko lilikuwa na sababu yake iliyoeleweka, na yote yalielekea upande mmoja.

Mvua nayo si ile iliyopigiwa hesabu. Utoro wa miaka ya 1950 ulipimwa kwa kumbukumbu fupi za mvua na kwa mteremko uliokuwa bado na miti. Mteremko huo ukilimwa, ukichungwa kupita kiasi au ukiezekwa mabati, maji yale yale ya mvua hufika lambo haraka zaidi na kwa wingi zaidi. Hufika pia na udongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanajiografia wa Sweden Anders Rapp na wenzake walipima mmomonyoko na tope katika mabwawa manne ya karibu na Dodoma: Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi. Walichokiona ni kwamba mabwawa hayo yalikuwa yanakufa kwa kujaa, kwa kasi ambayo umri wake ungehesabika kwa miongo michache tu. Katika usalama, tope lina pande mbili. Likilala kwenye uso wa ndani wa tuta huziba vinyweleo na kupunguza mvujo, na wanaochimba tope karibu mno na tuta huondoa kinga hiyo bila kujua. Ila linapokula nafasi ya maji, lambo hupoteza uwezo wa kumeza mafuriko ya kwanza, na utoro, uliokuwa ukitumika mara chache, huanza kufanya kazi kila mvua kubwa. Utoro wa udongo mtupu hauwezi kazi hiyo. Huchimbika kutoka mwisho wake wa chini, kidato cha mmomonyoko kikapanda hadi mdomoni, na lambo likakatika kwa pembeni huku tuta lenyewe likiwa zima.

Mimea na wanyama huongeza yao. Nyasi fupi ni rafiki wa tuta. Mti mkubwa una hatari mbili: upepo ukiuangusha huondoka na shina pamoja na sehemu ya tuta, na ukifa mizizi huoza na kuacha mirija mitupu. Mche hung'olewa mara moja. Mti mzima haung'olewi ovyo lambo likiwa limejaa, bali husubiri maji yashuke, na shimo lake hujazwa kwa tabaka na kushindiliwa. Mchwa na fuko hutoboa njia ambazo mtu hazioni mpaka maji yazipate, basi kichuguu juu ya tuta huchimbwa hadi kwenye chumba cha malkia kabla ya kujazwa.

Upande wa chini wa tuta ukiwa mwinuko mno, unaweza kuporomoka bila tundu wala mafuriko juu ya mgongo. Mteremko wa kawaida kwa tuta dogo ni hatua mbili hadi mbili na nusu za ulalo kwa kila hatua moja ya kimo, na upande wa maji huhitaji kulala zaidi, hadi hatua tatu. Bwawa la Kelly Barnes huko Toccoa, Georgia, Marekani, lilikuwa na kimo cha mita 12 hivi, limeongezwa kimo kwa awamu juu ya kizuizi cha zamani, na uso wake wa chini ulisimama kwa mwinuko wa karibu nyuzi 45. Picha ya mwaka 1973 inaonyesha sehemu ya uso huo imekwisha kuporomoka. Usiku wa tarehe 6 Novemba 1977, baada ya mvua, bwawa lilivunjika na kuua watu 39 katika chuo kilichokuwa bondeni. Wachunguzi hawakuweza kutaja sababu moja, wakataja kadhaa zilizosaidiana. Rais Jimmy Carter, mzaliwa wa jimbo hilo hilo, aliagiza ukaguzi wa mabwawa yasiyo ya serikali kuu. Kufikia mwaka 1981 yalikuwa yamekaguliwa karibu 8,800, na takriban theluthi moja yalionekana si salama. Sheria ya ukaguzi ilikuwepo tangu 1972. Kilichokosekana ni fedha za kuitekeleza.

Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 na kanuni za usalama wa mabwawa za mwaka 2013, na bodi za maji za mabonde zina wajibu wa kusimamia. Ugumu uko chini zaidi. Lambo la zamani lilijengwa na idara ambayo haipo tena, likaachiwa kijiji, kijiji kikagawanyika viwili, na hakuna anayejua ufunguo wa valvu uko kwa nani. Bila mmiliki anayejulikana kwa jina, kanuni hazina pa kushika.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji zaidi ya asubuhi moja ya kutembea: juu ya mgongo, kando ya maji, na kwa utulivu mkubwa zaidi kwenye kitako na mita kadhaa zaidi ya hapo, penye majani mabichi wakati wa kiangazi, kwa kuwa ubichi huo huonyesha maji yanakopita. Hufanywa kabla ya mvua, lambo linapojaa, na baada ya maji kushuka. Nyufa zinazofuata urefu wa tuta huashiria kuporomoka, na zinazokatiza kutoka maji hadi kitako ni mbaya zaidi, kwani ni njia ya moja kwa moja.

Maji ya tope yakionekana yakitoka, jambo la kwanza ni kuwaondoa watu wa bondeni, kabla ya kumtafuta mhandisi. Tundu la kutokea halizibwi kwa mfinyanzi, kwa sababu maji yaliyozuiwa yatatafuta mlango mwingine. Hufunikwa kwa mchanga, juu yake kokoto, kisha mawe, ili maji yaendelee kutoka na udongo ubaki. Lambo hupunguzwa kwa njia yoyote iliyopo, lakini dalili zikiwa za pole, maji hushushwa siku kwa siku, kwa sababu yakiondoka ghafla upande wa ndani, uliolowa na kuwa mzito, huachwa bila cha kuuegemea na unaweza kuporomokea lamboni.

Malambo mengine hayana tena maji ya kutosha kulipia hatari yake. Lililojaa tope hadi mdomoni huweza kuondolewa, na kuliacha tu lijivunjie siku yake ni kuwachagulia watu wa bondeni usiku wa msiba. Kwanza mifugo na kaya hupatiwa chanzo kingine, mara nyingi kisima kifupi kando ya korongo hilo hilo, ambako mchanga bado umeshika maji. Kisha, katikati ya kiangazi, tuta hukatwa hadi kwenye sakafu ya zamani ya korongo, upana wa mkato ukitosha kupitisha mafuriko bila kuyazuia tena, na kingo zake hulazwa na kupangwa mawe. Tope lililobaki nyuma hupandwa majani au mazao ili lisishuke lote kwa mkupuo, na mkato hukaguliwa tena baada ya mvua ya kwanza kupita ndani yake.